Pierre Mulele: jina lake lilifika Kivu, mwenyewe akabaki Kwilu

Huko Uvira, Fizi, Kindu na Kisangani, wazee wakitaka kueleza habari za mwaka 1964 mara nyingi hawataji mwaka. Husema tu wakati wa Mulele. Fulani alizaliwa wakati wa Mulele, fulani alifiwa na baba yake wakati wa Mulele, nyumba ya misheni iliungua wakati wa Mulele. Kijana anayesikia hivyo anadhani kwamba huyo Mulele alipita hapo na bunduki begani, akalala katika kijiji cha babu yake, akavuka Lualaba pamoja na Simba.

Hakupita. Vita vilipowaka mashariki, Pierre Mulele alikuwa mbali, mamia ya kilomita upande wa magharibi, katika misitu na nyika za Kwilu. Hakuongoza shambulio hata moja Kivu, Maniema wala Katanga ya kaskazini. Lakini watu waliokwenda mbele ya bunduki za serikali huku mashariki walikwenda wakilitaja jina lake. Waliamini jina hilo linageuza risasi kuwa maji.

Yeye mwenyewe hakuuawa kwa risasi ya vita. Alikaa miaka mitano porini na jeshi halikumpata. Aliuawa mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 39, siku chache baada ya kukubali neno la waziri wa serikali kwamba arudi nyumbani bila hofu.

Mtoto wa nchi ya mawese

Pierre Mulele alizaliwa tarehe 11 mwezi wa nane mwaka 1929 katika kijiji cha Isulu-Matende, Kwilu, katika kabila la Wambunda. Kwilu ya wakati huo ilikuwa nchi ya mawese. Tangu mwaka 1911 kampuni ya Huileries du Congo Belge, ya tajiri Mwingereza William Lever, ilikuwa imepewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi. Mji wa Lusanga uliitwa kwa jina lake, Leverville. Wanaume walipanda michikichi na kukata mikungu ya ngazi kwa malipo madogo, na mara nyingi hawakupewa nafasi ya kukataa. Mafuta yalishuka kwa mto kwenda kutengeneza sabuni Ulaya.

Mulele alipokuwa mtoto wa miaka miwili, majirani zao Wapende waliasi. Bei ya ngazi ilikuwa imeanguka, kodi haikuanguka, na maafisa walikuwa wakiwapiga watu ili walipe. Afisa mmoja Mbelgiji aliuawa. Jeshi la Force Publique likaingia vijijini na kuua mamia ya watu. Habari hiyo ya mwaka 1931 haikuandikwa katika vitabu vya shule za misheni ambako Mulele alisomea, lakini katika Kwilu kila nyumba iliijua.

Baada ya masomo aliingizwa katika Force Publique mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alipotoka jeshini alikwenda Léopoldville, leo Kinshasa, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali. Alikuwa mmoja wa wale Wabelgiji waliowaita évolués: alivaa suti, aliandika Kifaransa kizuri, lakini mshahara wake haukukaribia ule wa Mzungu aliyekaa meza ya pili.

Miezi michache ya uwaziri

Mwaka 1959, baada ya machafuko ya mwezi wa kwanza katika Léopoldville, vyama vya siasa vilizaliwa kila mahali. Watu wa Kwilu waliunda Parti Solidaire Africain, PSA. Antoine Gizenga akawa rais wa chama, Cléophas Kamitatu akaongoza upande wa jimbo, na Mulele akawa katibu mkuu. Alijulikana kuwa mtu wa kazi kuliko mtu wa hotuba. Alipanga matawi, alihesabu kadi, alizunguka vijijini.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, PSA ilipata viti 13 kati ya 137 vya bunge la taifa. Chama kiliungana na Patrice Lumumba na MNC yake, na serikali ya kwanza ilipoundwa mwezi wa sita, Gizenga akawa naibu wa waziri mkuu na Mulele akawa waziri wa elimu. Alikuwa na miaka 30.

Uwaziri huo haukudumu. Siku chache baada ya uhuru askari waliasi, Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe, na majeshi ya Ubelgiji yakarudi. Tarehe 5 mwezi wa tisa, Rais Kasavubu alimfukuza Lumumba. Tarehe 14, Kanali Mobutu alichukua mamlaka kwa mara ya kwanza. Wafuasi wa Lumumba walikimbilia Stanleyville, leo Kisangani, ambako Gizenga aliunda serikali iliyodai kuwa ndiyo halali. Mulele alikuwa pamoja nao, kisha akatumwa Cairo kuwa mjumbe wa serikali hiyo kwa Misri ya Nasser na nchi nyingine rafiki.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Katanga. Kati ya mwezi wa saba na wa nane mwaka huo, wabunge wa pande zote walikusanyika katika chuo kikuu cha Lovanium na kukubaliana juu ya serikali ya umoja ya Cyrille Adoula. Wengi wa wenzake Mulele walirudi kuchukua vyeo. Kamitatu alikuwa mmoja wao. Gizenga naye alikubali, lakini mwezi wa kwanza 1962 alikamatwa na kufungwa katika kisiwa cha Bula-Bemba, kwenye mlango wa mto Kongo. Mulele hakurudi. Kwa macho yake, mpango wa Lovanium ulikuwa mtego, na kifungo cha Gizenga kilimhakikishia hivyo.

China, kisha nyumbani

Kutoka Cairo, Mulele alikwenda China mwaka 1962 pamoja na rafiki yake Théodore Bengila. Huko walijifunza vita vya msituni jinsi Mao na wenzake walivyovifanya: mpiganaji akae kati ya wakulima, ale chakula chao kwa kukilipa, awafundishe kwanza kabla ya kuwapa silaha. Wakongomani wengi waliosoma nje miaka hiyo walitafuta digrii au ubalozi. Mulele alirudi na madaftari ya masomo ya vita.

Mwezi wa saba 1963 aliingia Léopoldville kimya, na baada ya siku chache alikuwa Kwilu. Nchi aliyoikuta ilikuwa imechoka. Miaka mitatu baada ya uhuru, walimu na wauguzi walikuwa wakingoja mishahara, barabara zilikuwa zimeharibika, bei za bidhaa zilipanda, na bei ya ngazi ilibaki chini. Waliopata vyeo walinunua magari na kujenga nyumba. Kwilu ilikuwa imefanywa jimbo dogo lenye serikali yake na mawaziri wake, lakini mkulima wa kawaida hakuona faida. Mwezi wa tisa mwaka huo Kasavubu alifunga bunge. Mlango wa kulalamika kwa njia ya sheria ukafungwa pamoja nalo.

Hapo ndipo maneno ya uhuru wa pili yalipopata nguvu. Maana yake ilikuwa rahisi kueleweka na mtu yeyote: uhuru wa kwanza uliliwa na wachache, sasa unahitajika mwingine utakaofika kijijini. Mulele aliyachukua maneno hayo ya watu akayafanya kuwa somo. Katika kambi za porini, kati ya maeneo ya Wambunda na Wapende, vijana walifika usiku, wakala kiapo, wakafundishwa. Asubuhi walijifunza kuruka, kutambaa, kuvizia. Jioni walifundishwa kwa nini nchi yenye mawese, shaba na almasi ina watu maskini.

Mulele aliwapa kanuni alizozitoa China. Heshimu watu wote. Lipa bei ya haki kwa unachonunua. Rudisha ulichoazima, lipa ulichovunja. Usipige wala kutukana. Usiharibu mashamba. Heshimu wanawake. Usimtese mfungwa. Silaha zenyewe zilikuwa pinde, mishale, mapanga na chupa za petroli. Bunduki zilikuwa chache, na karibu zote zilitoka kwa adui.

Kati ya waliofikishwa katika kambi hizo alikuwemo msichana aliyeitwa Léonie Abo, aliyejifunza kazi ya kuzalisha. Hakwenda kwa hiari yake, alichukuliwa. Lakini alibaki, akatibu wagonjwa na majeruhi, akawa mke wa Mulele. Mengi tunayojua leo juu ya maisha ya kambi yalitoka kinywani mwake, miaka mingi baadaye.

Kanuni na damu

Mwezi wa kwanza 1964 uasi ulianza waziwazi. Ofisi za serikali, vituo vya kampuni, madaraja na misheni vilichomwa. Usiku wa kuamkia tarehe 23, mapadri watatu Wabelgiji waliuawa katika misheni ya Kilembe. Siku chache baadaye mmisionari mwanamke kutoka Marekani aliuawa kwa mshale huko Mangungu. Ndege za helikopta za Umoja wa Mataifa zilitumwa kuwaondoa wamisionari wengine. Mwanzoni mwa mwezi wa pili, Kanali Eugène Ebeya, mmoja wa wakubwa wa jeshi la taifa, aliuawa akiviziwa njiani.

Hapa mwandishi wa maisha ya Mulele lazima asimame. Kanuni ya kumheshimu kila mtu na ile ya kutomtesa mfungwa zilikuwa zikifundishwa kila siku, na wakati huohuo makarani, walimu, machifu na watu walioshukiwa kuwa upande wa serikali walikuwa wakiuawa na vijana waliofundishwa kanuni hizo. Wanaomtetea Mulele wanasema hakuamuru mauaji ya namna hiyo na kwamba hakuweza kuwashika vijana wote katika eneo kubwa hivyo. Wanaomlaumu wanasema mtu anayewasha moto katika nyika ya kiangazi hawezi kusema hakujua upepo. Familia zilizozika watu wao hazikuona tofauti kubwa kati ya maelezo hayo mawili.

Jeshi nalo halikuwa na kanuni za kufundisha. Vijiji vilichomwa ili waasi wakose chakula, na watu wakalazimishwa kuhama na kukaa kando ya barabara kuu chini ya ulinzi. Wengi walikimbilia msituni na kufa huko kwa njaa na magonjwa. Waliokufa Kwilu katika miaka hiyo ni maelfu.

Kwa vita, Mulele hakufika mbali. Wapiganaji wake waliizunguka Gungu na Idiofa lakini hawakuishika miji hiyo, na Kikwit ilibaki mikononi mwa serikali. Uasi ulishika Wambunda na Wapende, ukasimama pale lugha zao ziliposimama. Makabila jirani yaliuona kuwa jambo la wengine. Mtu aliyefundisha kwamba ugomvi ni kati ya tajiri na maskini alijikuta amezungukwa na mipaka ya makabila. Tena Kwilu haina mpaka na nchi ya nje ambako silaha zingeweza kuingilia. Alibaki na mishale yake.

Jina linasafiri

Wakati Kwilu ilipokuwa imezingirwa, moto mwingine uliwashwa mashariki. Wafuasi wa Lumumba waliokimbilia Brazzaville walikuwa wameunda huko Conseil National de Libération mwezi wa kumi 1963. Walimtuma Gaston Soumialot na kijana Laurent-Désiré Kabila kwenda Bujumbura. Mwezi wa tano 1964 Uvira na Fizi zilianguka. Albertville, leo Kalemie, ilifuata mwezi wa sita, Kindu mwezi wa saba, na mwanzoni mwa mwezi wa nane askari wa Nicolas Olenga waliingia Stanleyville. Bukavu peke yake ilisimama, chini ya Kanali Léonard Mulamba. Kwa miezi michache serikali ya Léopoldville ilipoteza sehemu kubwa sana ya nchi.

Wapiganaji hao walijiita Simba. Kabla ya vita mganga aliwachanja na kuwanyunyizia dawa. Walipewa masharti: wasiguse mwanamke, wasile chakula kilichopikwa na mtu asiye wao, wasigeuke nyuma. Aliyeshika masharti, risasi ingemgeukia maji. Wakiingia vitani walipiga kelele ya Mai Mulele, yaani maji ya Mulele. Mara nyingi askari wa serikali, nao wakiwa wameamini dawa hiyo, walitupa bunduki na kukimbia kabla ya vita kuanza.

Hivyo jina la Mulele lilipata nguvu huku kuliko lile la viongozi waliokuwepo. Sababu moja ni kwamba hakuna aliyemwona. Gbenye, Soumialot na Olenga walionekana wakigombana juu ya vyeo na magari. Mulele hakuonekana, kwa hiyo hakuweza kuchafuka. Alisikika tu kwamba yuko porini tangu zamani na jeshi halimwezi. Kwilu kwenyewe watu walisema anaweza kutoweka mbele ya askari. Wanahistoria hawakubaliani kama alizipiga vita imani hizo au aliziacha zienee kwa kuwa zilimsaidia. Lakini masomo aliyoyaleta kutoka China hayakusafiri na jina. Kilichofika mashariki ni maji.

Na katika jina hilo mambo mazito yalitendwa. Stanleyville, mbele ya sanamu ya Lumumba, watu waliuawa hadharani kwa sababu tu walijua kusoma na kuandika na walifanya kazi ya ofisi. Wamisionari na raia wa nje walishikwa mateka. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliangushwa Stanleyville kutoka ndege za Marekani, huku mamluki Wazungu na jeshi la Tshombe wakiingia kwa barabara, na mauaji ya kulipiza kisasi yakaendelea kwa miezi. Fizi na Baraka ziliendelea na vita, hata Che Guevara akaja na Wakuba zaidi ya 100 mwaka 1965, akakaa miezi saba, akaondoka amekata tamaa. Kwenye milima ya Itombwe, vita hivyo viliacha uchungu kati ya majirani ambao haujaisha mpaka leo.

Hakuna ushahidi kwamba Mulele aliongoza lolote kati ya hayo. Mawasiliano kati yake na mashariki karibu hayakuwepo. Lakini serikali ilimhesabia yote.

Miaka ya njaa

Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965 Mobutu alichukua mamlaka kwa mara ya pili, na safari hii alikaa. Kufikia hapo uasi wa Kwilu ulikuwa umevunjika vipande. Vijiji vingi vilijisalimisha. Wengine walimlaumu Mulele kwa mateso yaliyowapata. Yeye alibaki msituni na kundi dogo, akihama kutoka kambi hadi kambi, bila chumvi, bila dawa, bila habari za dunia.

Angeweza kutoroka mapema. Viongozi wengi wa mashariki walikuwa tayari Cairo, Khartoum au Dar es Salaam. Mulele alikaa karibu miaka mitatu zaidi. Ndiyo sababu hata wale wasiokubali njia yake humtofautisha na viongozi waliowasha vita kutoka hotelini. Alichowataka vijana wale, yeye na mke wake walikila.

Mwaka 1968 aliamua kutoka ili atafute msaada na mawasiliano. Pamoja na Léonie Abo na wenzake wachache alishuka kwa pirogi usiku kwa usiku, akavuka mto Kongo, akaingia Brazzaville katikati ya mwezi wa tisa.

Mashua ya rais

Alifika wakati mbaya. Upande wa Brazzaville, Rais Massamba-Débat alikuwa ametoka tu kuangushwa na Kapteni Marien Ngouabi alikuwa anachukua nafasi. Serikali mpya ilijiita ya kimapinduzi, lakini haikutaka ugomvi na Mobutu mwezi wake wa kwanza. Mgeni kama Mulele alikuwa mzigo.

Justin Bomboko, waziri wa mambo ya nje wa Kinshasa, alivuka mto. Alieleza kwamba Mobutu alikuwa ametangaza msamaha kwa waasi, na kwamba Mulele angepokelewa kama ndugu aliyerudi kujenga nchi. Brazzaville ilikubali neno hilo. Tarehe 29 mwezi wa tisa Mulele alivushwa kwenda Kinshasa katika mashua ya rais mwenyewe. Bomboko alimpokea nyumbani kwake kwa chakula na vinywaji. Watu walikuja kumsalimu, wengine kuangalia tu kama kweli ni yeye, mtu yule ambaye risasi hazimpati.

Mobutu alikuwa safarini nje ya nchi. Aliporudi tarehe 2 mwezi wa kumi, alitangaza kwamba msamaha haumhusu Mulele, kwamba yeye ni mhalifu wa vita na atahukumiwa. Mulele na Bengila walipelekwa katika kambi ya jeshi ya Kokolo. Serikali ilisema baadaye kwamba mahakama ya kijeshi ilimhukumu na kwamba alipigwa risasi tarehe 9. Maelezo ya wengine, ambayo leo wanahistoria wengi wanayakubali, yanasema alikuwa amekwisha kufa usiku wa tarehe 2 kuamkia 3. Yanasema pia kwamba hakupigwa risasi. Alikatwa viungo akiwa hai, macho yakatobolewa, na mabaki yake yakatupwa mtoni. Bengila aliuawa pia.

Brazzaville, ikiona aibu ya neno ililolidhamini, ilivunja uhusiano na Kinshasa. Haikumrudisha mtu. Mulele hana kaburi. Léonie Abo alinusurika, akaishi miaka mingi Brazzaville, akawa sauti ya mume wake. Mbelgiji Ludo Martens aliandika vitabu juu ya wote wawili: kimoja juu ya Mulele mwaka 1985, kingine juu ya Abo mwaka 1991.

Alichokiacha

Kwa serikali za Kinshasa, kwa miaka mingi Mulele alikuwa jina la ugaidi. Muleliste lilikuwa tusi, na aliyeitwa hivyo aliweza kupotea. Kwa wengine alikuwa Lumumba wa pili, mtu aliyekataa kula pamoja na wauaji wa rafiki yake. Zote mbili zina ukweli ndani yake, na hakuna kati ya hizo inayotosha. Alisema kweli juu ya njaa ya kijiji mapema kuliko wengi. Aliweka panga mikononi mwa vijana wa miaka 15 na hakuweza kulirudisha.

Huku mashariki, kilichobaki cha Mulele ni maji. Makundi ya Mai-Mai yaliyoinuka tangu miaka ya 1990 yalirithi dawa ileile na masharti yaleyale, na ukiuliza wapiganaji wake asili ya jina hilo, wengi hawawezi kukuambia lolote juu ya mtoto wa Isulu-Matende. Kanuni zake hawakuzirithi. Kulipa unachonunua, kutoharibu shamba, kumheshimu mwanamke: wakulima wa Fizi, Walikale na Lubero wangependa sana kuona jeshi lolote, la serikali au la porini, linalozifuata.

Kimebaki pia kile kilichotokea mtoni. Tangu siku hiyo nchi yetu imetangaza misamaha mingi. Baada ya Sun City, baada ya mkutano wa Goma wa mwaka 2008, na mara nyingine nyingi, watu wenye silaha wameitwa watoke porini. Mara nyingi wanaowaita wanashangaa kwa nini wanasitasita. Mtu aliye porini akiitwa arudi, swali lake la kwanza si msamaha unasema nini. Anauliza ni nani ametoa neno, na neno la mtu huyo lilikuwa na thamani gani kwa yule aliyetangulia kuvuka.

Mulele aliamini neno la serikali mara moja tu katika maisha yake. Alipanda mashua mchana, mbele ya watu, amevaa vizuri, bila dawa wala silaha.